Pasta, nifunge Kwaresima au nisifunge?



Wiki iliyopita kijana mmoja wa kanisa letu aliniandikia usiku, kama saa tano hivi. Alisema: "Shikamoo Pasta. Naomba kuuliza. Wenzangu chuoni wa Katoliki na Anglikana wanafunga Kwaresima, na mimi nimetamani. Lakini mama amekataa kabisa. Anasema neno kufunga asilisikie tena nyumbani kwake. Nifanye nini?"

Nilianza kumjibu, nikafuta. Nikaanza tena, nikafuta. Mama yake namjua. Najua ni mara ngapi alipanda matatu mwaka 2023 kwenda hospitali ya Malindi, pale kwenye meza ya Msalaba Mwekundu, kuuliza kama kuna habari zozote za mdogo wake. Kwa hiyo sikutaka kumjibu mwanawe kwa aya moja ya Biblia na picha ya mikono iliyokunjwa. Nilimwomba siku mbili. Jibu limekuwa refu, na kwa sababu wapo wengi wenye swali kama lake, naliweka hapa tusome sote.

Tuanze na hili la "Kwaresima si yetu". Nimelisikia sana, na mimi mwenyewe nimelisema madhabahuni. Wapentekoste tuna mambo! Kila Januari tunatangaza siku 21 za Danieli, tunabandika bango, watu wanafunga na kukesha. Lakini mtu akitaja siku 40 kabla ya Pasaka tunakunja uso kana kwamba ametaja mizimu. Wazee wetu walioamini kule Rabai, baada ya Krapf na Rebmann kufungua misheni mwaka 1846, walilelewa na kalenda hiyo ya kanisa. Sisi tulipopata uamsho tuliitupa pamoja na kanzu na mishumaa, na hatukuuliza ndani yake kulikuwa na nini.

Ndani yake kulikuwa na darasa. Siku arobaini zimetajwa katika kanuni za mtaguso wa Nikea, mwaka 325, zamani kabla ya mtu yeyote kuitwa Mprotestanti, sembuse Mpentekoste. Katika miaka ya 380 mwanamke msafiri aitwaye Egeria alifika Yerusalemu, akawaandikia dada zake wa imani waliobaki nyumbani yale aliyoyaona. Waliotaka kubatizwa Pasaka waliandikisha majina mwanzoni mwa siku hizo. Askofu aliwaita mmoja mmoja na kuwauliza majirani zao: huyu anaishi vizuri? Anawatii wazazi wake? Si mlevi? Si mwongo? Kisha siku za mfungo aliwafundisha asubuhi, saa tatu nzima, kuanzia kitabu cha Mwanzo, na wasimamizi wao wameketi pale pale wakisikia kila neno. Yakumbukeni hayo mawili, tutayahitaji mbele: majirani waliulizwa, na watu wazima waliketi darasani. Hakuna aliyepelekwa porini.

Halafu kuna hesabu, ambayo vijana wengi hawaijui. Mwaka huu wa 2026 Jumatano ya Majivu ilikuwa tarehe 18 Februari, na Pasaka ni tarehe 5 Aprili. Chukua kalenda uhesabu siku zilizo katikati, ukianza na hiyo Jumatano. Utapata 46, si 40. Zile sita zilizozidi ni Jumapili. Kanisa la kale liliziondoa kwenye mfungo kwa makusudi, kwa kuwa Jumapili ni siku ya kaburi kuwa wazi, na siku hiyo hatuombolezi. Maana yake, hata katikati ya Kwaresima, kila baada ya siku sita ulikaa mezani ukala, ukakumbuka unakoelekea. Jirani zetu Waislamu, ambao mwezi wao wa Ramadhani umeanza juma lile lile mwaka huu, wanalielewa jambo hili vizuri. Wanafunga, na jua likizama kuna tende na uji, na mwezi ukiandama kuna Idi. Mfungo una mwisho, na mwisho wake ni chakula.

Sasa njooni nyumbani Malindi. Pasaka ya zamani kabisa ninayoifahamu katika maandishi yanayoutaja mji wetu ni ile ya tarehe 15 Aprili 1498. Nyote mmepiga picha pale kwenye nguzo ya Vasco da Gama, wengine hata picha za harusi. Lakini ni wangapi wanajua kwamba Wareno wale walipita pwani yetu ndani ya Juma Kuu lenyewe?

Mmoja wa wasafiri wao aliandika kumbukumbu za siku kwa siku. Jumamosi tarehe 7 Aprili walitia nanga nje ya Mombasa wakiwa na furaha, kwa sababu walikuwa wameambiwa mjini humo wapo Wakristo, na kesho yake ilikuwa Jumapili ya Matawi. Walitumaini kwenda kusikiliza misa pamoja nao. Mfalme wa Mombasa akawapelekea kondoo, machungwa, ndimu na miwa. Hadi hapo unaweza kudhani unasoma habari za safari ya mission. Lakini Jumanne mambo yakaharibika. Marubani waliokuwa nao waliruka majini wakatoroka, wageni wakashuku kuna mtego, na usiku ule ule nahodha mkuu akawahoji mateka wawili kwa kuwadondoshea mafuta yanayochemka kwenye ngozi. Jumanne ya Juma Kuu, wapendwa! Ijumaa Kuu, tarehe 13, waling'oa nanga. Jumamosi Kuu wakaona mashua baharini, wakaifukuza na kuiteka. Ilikuwa na watu 17, dhahabu, fedha na nafaka. Jioni ya siku hiyo, wakiwa na mateka wao, wakatia nanga mbele ya Malindi. Kulipokucha ilikuwa Pasaka.

Siku chache baadaye, katika bandari yetu, Wahindi waliokuwa na merikebu hapo walipanda chomboni kwao. Wareno wakawaonyesha picha ya Mariamu chini ya msalaba akiwa amempakata Yesu. Wahindi wakaanguka kifudifudi, na Wareno wakaamini wamekutana na ndugu katika imani. Nahodha mkuu alipopita na mashua zake walipaza sauti, na masikio ya Wareno yakasikia "Kristo! Kristo!" Wanahistoria wengi wanaona kwamba walikuwa Wahindu, na huenda jina walilolitaja ni Krishna. Nacheka kidogo kila nikisoma hapo, kisha naacha kucheka. Watu wale walikuwa na kalenda, walikuwa na msalaba, na picha ya Bwana aliyesulubiwa walikuwa nayo ndani ya merikebu. Waliijua tarehe ya Ijumaa Kuu hata baharini. Lakini yule mzee aliyetekwa kwenye mashua Jumamosi Kuu, na mke wake kijana aliyekuwa pamoja naye, Pasaka ile waliionaje?

Nayasema haya kwa sababu vijana wengi huniambia, "Pasta, nataka tu kuanza kuifuata Kwaresima." Vizuri. Lakini kufuata tarehe ni jambo jepesi. Vasco da Gama alizifuata.

Miaka 44 baadaye alipita hapa padri Francis Xavier akielekea Goa, mwaka 1542. Kile kikanisa kidogo cha Wareno karibu na bahari, chenye makaburi, kinahusishwa na ziara yake. Alimzika baharia mmoja mjini hapa. Katika barua yake kutoka Goa alisimulia kwamba mmoja wa wakubwa wa Kiislamu wa Malindi alimuuliza swali ambalo halijanitoka kichwani tangu nililisoma nikiwa chuo cha Biblia. Aliuliza kama makanisa ya Wakristo yanajaa, na kama watu wanasali kwa bidii, kwa maana mjini mwake ibada ilikuwa imepoa sana. Kulikuwa na misikiti 17, na ni 3 tu iliyokuwa na watu, tena wachache.

Simcheki mzee yule. Swali lake ndilo langu kila Jumapili jioni ninapopanga viti. Ibada ikipoa, kijana mwenye kiu ya Mungu hubaki anatafuta mahali penye moto. Na moto ukikosekana karibu, ataufuata popote atakapoambiwa upo, hata msituni.

Mnajua ninakoelekea.

Mwaka 2023 Pasaka ilikuwa tarehe 9 Aprili. Tuliimba, tulibatiza, tulikula pilau. Siku chache tu baadaye polisi walianza kutoa watu msitu wa Shakahola, huku huku kwetu, na kuanzia tarehe 21 Aprili makaburi yakaanza kufukuliwa. Tulidhani ni kumi, wakawa mia, na mwishowe miili ikapita 400. Waliambiwa wafunge mpaka wafe ili wakutane na Yesu. Madaktari walisema wengi walikufa kwa njaa, na wengine walikuwa na dalili za kunyongwa, kuzibwa pumzi au kupigwa. Mwaka 2024 mhubiri wao na wenzake walishtakiwa kwa mauaji ya watoto 191. Wameyakana, na hukumu si kazi yangu. Lakini watoto wale walihesabiwa. Na familia ya kwanza kukabidhiwa miili ya watu wake, baada ya vipimo vya DNA kuchukua karibu mwaka mzima, ilikabidhiwa pale Malindi tarehe 26 Machi 2024. Ilikuwa Jumanne ya Juma Kuu.

Kwa hiyo mama akisema neno kufunga lisisikike nyumbani kwake, msimwambie hana imani.

Nami sina mikono safi. Januari ile ya 2023, miezi mitatu kabla, nilihubiri kwamba anayekatiza mfungo kabla ya siku 21 amemwaibisha Bwana. Watu walipiga makofi. Katika kesha la mwisho msichana mmoja alianguka. Tulimkemea pepo kwa dakika kumi, mpaka mama mmoja muuguzi alipowasukuma watu pembeni akampa maji ya sukari. Msichana akainuka. Tulicheka, tukamshukuru Mungu, tukaendelea na kesha. Mwezi wa nne sikuweza kulala nikilikumbuka kicheko kile.

Wapo waliosema wakati ule kwamba Shakahola ni jambo geni ambalo kanisa halikuwahi kuliona. Si kweli, na laiti tungesoma historia yetu tungelitambua mapema. Katika karne ya 4, katika mji wa Gangra ulioko Uturuki ya leo, maaskofu walikutana kwa sababu ya kundi lililomfuata mtu aitwaye Eustathio wa Sebaste. Kundi lile lilitaka utakatifu kuliko watu wote. Wake waliwaacha waume, watu waliwaacha watoto wao, watoto waliwaacha wazazi, na walifunga hata Jumapili. Maaskofu wakaandika kanuni, na ukizisoma utadhani mtu alikaa Malindi akaziandika mwaka juzi. Anayewatelekeza watoto wake, asiwalee, kwa kisingizio cha kujitesa kwa ajili ya Mungu, alaaniwe. Mtoto anayewaacha wazazi wake waumini kwa kisingizio hicho hicho, alaaniwe. Anayefunga Jumapili ili aonekane mtawa, alaaniwe. Walikuwa wafungaji wenyewe, maaskofu hawa, hawakuwa wapenda tumbo. Ila walielewa kwamba mfungo unaomnyang'anya mtoto uji si wa Kristo, hata kama anayeuhubiri anatoa machozi. Zaidi ya miaka 1,600 imepita na kanuni hizo zipo. Sisi wachungaji hatukuzifundisha.

Na Biblia yenyewe je? Someni Luka 4 polepole. Yesu alifunga siku arobaini, na mwishoni akaona njaa. Luka hakuona haya kuandika kwamba Mwana wa Mungu aliona njaa. Kisha akapelekwa juu ya kinara cha hekalu akaambiwa ajitupe chini, akionyeshwa na andiko la Zaburi kwamba malaika watamdaka. Nani aliyemwambia ajitupe? Ni Ibilisi. Mwishoni mwa mfungo mrefu, sauti iliyomtaka athibitishe imani kwa kuhatarisha uhai wake haikuwa ya Baba. Yesu akakataa, akashuka, akarudi Galilaya kwa watu. Hakubaki jangwani.

Sasa nikujibu wewe kijana wangu uliyeniandikia.

Kwanza usifunge kabla hujaketi na mama. Utaniambia Yesu katika Mathayo 6 alisema tufunge sirini. Ni kweli, lakini alikuwa akiwaonya wanaojipaka majivu ili wasifiwe barabarani. Hakuwa akimfundisha mtoto kumdanganya mama yake kwamba amekula chuoni. Mkumbuke askofu wa Yerusalemu aliyewauliza majirani. Mwambie mama unataka kufanya nini, siku gani, na utakula saa ngapi. Akilia, mwache alie. Akitaka kukueleza habari za mdogo wake, weka simu chini usikilize mpaka mwisho. Huenda hiyo ndiyo Kwaresima yako mwaka huu, na kama ni hiyo tu, inatosha.

Akikuruhusu, ruka mlo mmoja au miwili, Jumatano na Ijumaa, na jioni ule. Maji unywe, hili ni jua la Kilifi, si la Ulaya. Jumapili usifunge. Ukiwa unatumia dawa, au u mjamzito, au hujafikisha miaka kumi na minane, usifunge chakula kabisa. Funga TikTok na betting, utaona kama ni rahisi. Na mtu yeyote atakayekuambia umefunga kidogo mno, awe mchungaji, awe nabii, awe mimi, niandikie au umwambie mama. Pesa ya chakula ulichokiacha isibaki mfukoni. Isaya 58 haimruhusu mtu kufunga kwa ajili ya akiba. Mkate ule ni wa mwenye njaa. Tumeweka bahasha pale mlangoni, na wazee wa kanisa wataipeleka kwa familia mbili zinazolea watoto waliobaki baada ya Shakahola. Hatutapiga picha.

Na njoo darasani. Nimeamua kufanya lile lililofanywa Yerusalemu, kwa kiasi chetu: kila Jumamosi saa nane mchana mpaka Pasaka, kanisani, milango na madirisha wazi, wazazi wakaribie na waketi kiti cha mbele wakitaka. Tutaanzia Mwanzo tuelekee kaburi wazi. Maswali yote yanaruhusiwa, pamoja na yale magumu kuhusu mimi na mahubiri yangu ya Januari ile. Jumamosi iliyopita walikuja tisa. Mmoja aliuliza, "Pasta, wale waliokufa kule msituni wakimwita Yesu, aliwasikia?" Tulikaa kimya muda mrefu. Nilimwambia naamini aliwasikia, na kwamba yeye mwenyewe alilia msalabani akiuliza kwa nini ameachwa. Zaidi ya hapo sikuwa na neno, na hakuna aliyenidai.

Pasaka yenyewe hatutafanyia ukumbini. Tarehe 5 Aprili, saa kumi na moja na nusu alfajiri, tukutane ufuoni. Tutasoma Yohana 21 jua likichomoza. Mnakumbuka? Vijana wamevua usiku kucha hawakupata kitu, asubuhi mtu amesimama pwani anawauliza kama wana kitoweo. Wakatupa jarife upande wa kuume, wakavuta samaki wakubwa 153. Walipofika nchi kavu wakakuta makaa yamewashwa, samaki juu yake, na mkate. Yeye aliyefunga siku arobaini, aliyekufa akazikwa, amefufuka, na anawapikia wavuvi staftahi. Katika Luka 24 aliomba hata yeye apewe chakula, akapewa kipande cha samaki wa kuchoma, akala mbele yao.

Samaki nimeshaongea na wavuvi wetu. Mkaa upo. Mahamri kila nyumba ilete ya kwake. Na wewe, mwambie mama nitamhitaji kwenye mbaazi za nazi, maana mwaka jana tuliwaachia wazee wa kanisa wapike, na walioonja wanajua kilichotokea.